Blanketi la Viraka la Rachel

Nkololo, Bariadi
12 Desemba 1997

Shangazi Elina,

Mwangaluka. Goti lako linaendeleaje huko Nyashimo? Sisi tu wazima, ila mvua haitupi nafasi.

Rachel amechaguliwa kidato cha kwanza, shule ya bweni hapo kwenu. Darasa zima amechaguliwa yeye peke yake. Lakini siku hizi shule haitoi matandiko, na asiye na blanketi atarudishwa getini. Nilipomwambia baba yake, Zengo, akanijibu, "Blanketi liko kwa mume." Kuna mzee wa Mwamapalala anamtakia mwanawe mke, na ameshaleta maneno ya ng'ombe. Zengo anasema Rachel akikataliwa getini, basi ataolewa.

Wewe ulifundisha sayansi kimu miaka mingi. Nifundishe kushona blanketi la viraka. Mimi sindano niliyozoea ni ya gunia tu. Pamba ninayo: chama cha ushirika hakinunui tena, na kampuni ilibeba safi ikatuachia fifi, ile chafu. Shule inafungua tarehe kumi na mbili Januari.

Mkweo, Milembe

Nyashimo
17 Desemba 1997

Mkwe wangu Milembe,

Wabeja kwa barua. Goti huuma mvua ikikaribia, yaani kila siku.

Usiogope, mayu. Blanketi la namna hii ni tabaka tatu: juu viraka, katikati pamba, chini kitambaa kizima. Waombe mafundi cherehani wa gulioni vipande wanavyotupa. Vifue kwanza kwa maji ya moto, maana kitambaa kipya husinyaa na kuvuta wenzake. Kata boksi mraba wa kiganja, liwe kipimo cha kila kiraka. Usipime kiraka kwa kiraka, kosa dogo litakua. Unganisha viraka viwe mistari, kisha mstari kwa mstari. Mwisho tandaza tabaka zote, shona kupenya mpaka chini, ukianzia katikati kwenda pembeni. Mishono hiyo ndiyo huzuia pamba isijikusanye kona moja kama ng'ombe kwenye mvua.

Fanya polepole.

Shangazi yako, Elina

Nkololo
27 Desemba 1997

Shangazi,

Shikamoo. Za Krismasi? Yetu imepita kimya.

Nimeharibu. Nililijaza blanketi pamba kama ilivyotoka kwenye gunia, na mbegu zake zote. Nilidhani uzito ndio joto. Panya wamefuata mbegu, wametoboa pembe mbili. Zengo kacheka mpaka kashika mbavu: "Mama Rachel, umewatandikia panya!"

Wale wageni wa Mwamapalala wamerudi mara ya pili. Rachel anakaa anatazama vidole vyangu. Shangazi, nifanyeje?

Mkweo, Milembe

Nyashimo
31 Desemba 1997

Mkwe wangu,

Pole sana. Msalimie Rachel, mwambie bibi yake yuko macho.

Usifumue lote. Fungua upande mmoja kama mdomo wa gunia, toa pamba, mkae wote wawili mtoe mbegu kwa vidole. Kisha ivuteni mpaka iwe nyepesi, mrudishe tabaka nyembamba. Pembe zilizoliwa zikate, uweke viraka vipya. Likilowa lianike juani, pamba mbichi huoza.

Na huyo Zengo, mtoto wa kaka yangu, anapokeaje wageni wa posa bila mimi shangazi yake kujua?

Elina

Nkololo
8 Januari 1998

Shangazi,

Nisamehe, sina salamu.

Tulitoa mbegu mpaka kucha zikatoka damu. Blanketi likakubali, likawa blanketi kweli. Paa likavuja, likalowa. Jana jua lilichomoza nikalianika uani kama ulivyosema, na wazee wa Mwamapalala wakaingia. Mmoja akalishika akasema, "Kumbe mama naye anamwandaa bibi harusi! Matandiko ya binti yako nje, sisi tunasubiri nini?" Nikafungua mdomo. Zengo akanitazama. Nikaufunga.

Leo ng'ombe wameingia zizini.

Jumamosi alfajiri nampandisha Rachel lori la dagaa linalorudi Lamadi. Dereva, Marcelo, atamfikisha kwako. Ukingo wa blanketi sijaumaliza. Akifika usiniandikie, Zengo hufungua barua zangu. Asipofika, ndipo uniandikie.

Milembe

Nyashimo
14 Januari 1998

Mkwe wangu Milembe,

Umeiona barua, kwa hiyo umeshajua.

Blanketi limefika, Rachel hajafika. Marcelo anasema Zengo aliwasubiri stendi ya Bariadi na wanaume wawili, wakamshusha. Mtoto aliling'ang'ania bomba la lori. Walipombandua vidole akapiga kelele, "Blanketi lifikishe kwa bibi, nitalifuata." Hawakuelekea nyumbani kwako. Walishika njia ya Mwamapalala.

Nimekwenda shuleni. Mwalimu mkuu anamwekea nafasi mpaka Ijumaa, zaidi ya hapo hawezi. Barabara imekatika kwa mafuriko, mabasi yanaishia majini. Kesho nitapanda linaloondoka kwanza, yaliyobaki nitatembea.

Zengo, kama ni wewe uliyefungua, soma vizuri. Ng'ombe wale usiuze hata mmoja. Watarudi kwa mwenyewe, na nitawaswaga mimi mbele ya watu.

Milembe, usinisubiri nyumbani. Toka sasa hivi, nenda ukakae mlangoni kwao, wakikufukuza kaa. Nimefundisha wasichana miaka thelathini, na leo sina la kukufundisha zaidi ya hilo. Sijui kama tumewahi.

Shangazi yenu nyote wawili,
Elina