Chumvi Uliyoniachia

Mume wangu, Baba Anjela,

Nakuandikia nikiwa nimekalia gunia la mwisho la chumvi yako. Viti vyote vimeazimwa kanisani kwa ajili ya kipaimara cha kesho, na gunia limebaki hili moja kwa sababu mengine matano nimeshayatoa. Barua hii nitaiacha wazi, anayetaka kuisoma aisome, maana hapa Kivukoni wapo wanaosema mjane wa mchunaji amegawa mali ya marehemu kwa watu baki. Mwenye mali ni wewe. Basi nikueleze wewe, na wao wasikie.

Nikikukumbuka, mikono yako huja kabla ya sura. Misimu kumi na minne ulichuna wanyama kwenye kambi ya wawindaji wa kigeni ng'ambo ya mto, na kila Jumamosi ulivuka na pantoni kurudi nyumbani, viganja vimepasuka kwa chumvi kama shamba la mpunga mwezi wa kumi. Nilikuwa nakupaka mafuta ya nazi, nawe unajikaza, unatazama ukutani. Tukikaa kula unasema, "Mboga yangu usitie chumvi, Mama Anjela. Mimi chumvi nimeshakula kwa mikono." Kwa hiyo miaka yote hiyo nilipika kwa masufuria mawili, lako na letu. Hadi leo nikienda jikoni nashusha mawili, halafu moja nalirudisha.

Kambini nilifika mara moja tu, nilipoambiwa una malaria nikakupelekea shuka na nguo. Nilikukuta umesimama kwenye kivuli cha banda, jasho linakutoka, umeinamia ngozi ya nyati. Mgongo na miguu ulikuwa umeshamaliza. Ulikuwa kwenye masikio, unayageuza ndani nje taratibu kama mtu anayegeuza soksi za mtoto, unatia chumvi mpaka kwenye ncha.

"Baba Anjela, una homa," nikakwambia. "Masikio ya nyati nani atayaangalia?"

Hukuinua hata kichwa. "Ngozi huanza kuoza masikioni na midomoni. Huyu ameshakufa. Nikiiharibu ngozi yake, atakuwa amekufa bure."

Maneno hayo niliyaweka, lakini niliyaelewa nusu. Nusu ya pili nimeielewa mwaka huu wa tisini na tisa, wewe ukiwa hupo.

Unakumbuka mvua za Elnino zilivyozoa mabanda ya kambi pamoja na barabara yake. Wageni wakaenda kuwinda kwingine. Msimu uliofuata walikuja wawili tu, na mmoja akaondoka kabla ya siku zake kwisha, analalamika kwamba nyati wamekimbia na bonde limejaa ng'ombe na milio ya bunduki za watu wengine. Kampuni iliyokuajiri ikarudisha kitalu, eneo lake la kuwindia, serikalini. Lori lao lilipojaa mahema na vitanda, msimamizi akakuambia chumvi iliyobaki stoo uichukue wewe. Magunia sita. Uliyavusha kwa mtumbwi, mawili mawili, umenuna kama mtu anayevusha maiti.

Mimi siku ile nilifurahi, na nakiri mbele ya watu. Nilikusubiri ukingoni nikakwambia, "Afadhali. Sasa wanyama watapumzika."

"Watapumzika wiki moja," ukasema.

"Kwa nini wiki moja? Wenye bunduki si wameondoka?"

"Wenye kibali ndio wameondoka. Wewe unadhani gari la bwana nyama linatembea kwa sala?"

"Linatembea kwa mafuta."

"Ya nani?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza. Nilimwona bwana nyama, ofisa wa wanyamapori, anapita na askari wake sita, wamevaa viatu vizuri, nikadhani vitu hivyo huota tu serikalini. Jioni ile ndipo uliponieleza, wewe umekalia gunia moja na mimi jingine, kwamba mafuta ya gari yalitoka kampuni, na kwamba ada ya kila mnyama aliyepigwa ilikwenda serikalini, kisha sehemu yake ikarudi bondeni kuwa posho na viatu vya askari. Ukamalizia kwa neno ambalo nimebishana nalo tangu hapo. "Bila risasi ya mgeni," ulisema, "sheshe hana mlinzi." Sheshe, swala wetu wekundu wasiopenda kukaa mbali na maji. Ulichuna wengi, na bado ukiwaona ukingoni ulisimamisha mtumbwi ili wamalize kunywa.

Hukuishi kuona ulichosema. Kifua kilikubana mvua zilipoanza. Pale hospitalini Ifakara, siku ya mwisho uliyoweza kutamka, nilisogeza sikio nikitegemea neno la kuniaga. Ukasema, "Chumvi usiiache sakafuni. Itavuta maji." Nililia kwa uchungu na kwa hasira. Tulipomaliza kuzika, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuipandisha juu ya mbao.

Wiki moja ulikosea. Ilikuwa miezi miwili. Gari la bwana nyama liliwekwa juu ya mawe, askari sita wakawa wawili, na nyama ya sheshe ikaanza kupita njiani kwenye ndoo zilizofunikwa mchicha. Bwana nyama alikuja kunipa pole kwa baiskeli. Alipoyaona magunia chumbani akasema, "Mama, hii itunze sana. Hao wanaoua kule ng'ambo wanakausha nyama kwa moto. Mimi sina kitu kinachonisaidia isipokuwa moshi. Nauona nikiwa kwenye pantoni, najua wako wapi. Wakipata chumvi, nimekwisha. Chumvi haina moshi."

Ikafika siku ya kugawa vitu vyako. Dada yako Benadeta ndiye aliyesimamia kikao. Mdogo wako Longino alipewa koti, akalikataa. Akapewa redio, akaikataa.

"Mimi nachukua chumvi," akasema.

Hapakuwa na mtu pale mkekani asiyejua Longino huwa wapi akiaga kwamba anakwenda kuvua.

"Ya nini, shemeji?" nikamuuliza.

"Ya kula."

"Magunia sita? Na hata jiko huna?"

Watu wakacheka. Wifi Benadeta akasema, "Longino, ukiila yote hiyo, kiu yake itatumalizia mto."

Longino hakucheka. "Chekeni tu. Shemeji anaiatamia kama kuku, anasubiri kaka afufuke aje achune? Wazungu wameondoka. Hao wanyama sasa ni wa nani? Walipokuwa wanauawa ili wakatundikwe kwenye kuta za watu, mlisema sawa. Mimi nikiua tule, naitwa mwizi."

Hakusema uongo mtupu.

"Kaka yako alichuna mmoja mmoja, dume zee lenye pembe, tena lenye kibali," nikasema. "Juzi nimeona sokoni ndama wa sheshe kwenye ndoo. Unauliza ni wa nani. Yule alikuwa wa mwakani, shemeji. Mmemla kabla hajafika."

Akataka kujibu, dada yake akainua mkono. "Basi. Chumvi hii ilikula mikono ya kaka yangu, na aliyeipaka mafuta mikono hiyo ni huyu hapa. Chumvi ni yake." Ikawa imekwisha hivyo.

Ilikwisha kwa maneno, lakini mlango wetu unaujua, hufunguka kwa bega. Siku kadhaa nililala mchana ili niwe macho usiku, nikaona huo si uzima. Chumvi ya kulindwa ingeniua. Nikaona dawa yake ni kuitumia, itumike mpaka ikose mtu wa kuiiba.

Nikaenda kwa Mama Salima, mkubwa wa akina mama wanaokwenda kwa mitumbwi kununua samaki kwa wavuvi. Masika kuni zao hulowa, perege na kambale wanaoza kwenye majukwaa ya kukaushia huku wenyewe wanawatazama. Nikamwambia, "Nakupa chumvi. Sitaki samaki. Nataka kila mtumbwi unaotumia chumvi yangu umbebe askari siku moja kwa wiki, umfikishe mpaka ilipokuwa kambi, urudi naye."

Akaniangalia kama nimelewa. "Mitumbwi inakwenda huko huko kila siku. Hao askari wanajua kupiga kasia?"

"Watajifunza."

"Wajifunze kweli. Abiria wa kukaa tu mimi sina nafasi naye."

Bwana nyama nilipompelekea habari alivua kofia, akacheka mpaka akapaliwa. "Yaani, mama, askari wa serikali anakwenda doria amekalia kapu la kambale?"

"Kaka, gari lako limekalia mawe."

Akaivaa kofia yake. Jumatatu wakaanza.

Sasa nikuambie yaliyotokea, bila kuongeza. Mto wote hatuwezi. Mbuga za ndani hatufiki kabisa, na huko sijui nani anaua nini. Ni kipande kimoja tu, kutoka pantoni hadi kambi ya zamani. Lakini kwenye kipande hicho askari hupita mara nne au tano kwa wiki, na tangu kiangazi kianze wamekuta mitego mingi na kuichoma. Mwezi uliopita nilipanda mtumbwi wa Mama Salima nikaona kwa macho yangu sheshe zaidi ya arobaini wamesimama kwenye nyasi changa, majike na watoto. Nilijikuta namwambia mpiga kasia asimame kidogo.

Ndiyo maana nabishana na wewe. Ulikuwa sahihi kwamba wawindaji walipoondoka ulinzi uliondoka nao. Nilidhani wanyama watapumzika, nikajifunza kwa aibu nusu ya pili ya maneno yako, kwamba mnyama aliyepigwa ndiye aliyewalipia waliobaki. Kampuni nyingine ikija kesho na vibali na mafuta, nitakuwa wa kwanza kuikaribisha, maana askari wawili na bunduki moja si kitu kwa bonde hili. Lakini uliposema sheshe hana mlinzi mwingine, hapo hukutuhesabu sisi. Hukumhesabu Mama Salima. Hukunihesabu mimi, mkeo, niliyekuwa nimekaa mbele yako juu ya gunia. Akina mama wamekubaliana kwamba chumvi ya masika yajayo watanunua wenyewe, na siku za askari hazitabadilika. Sikuwaomba. Mama Salima alisema tu kwamba ameshazoea kupigiwa kasia na serikali.

Longino alikaa miezi mitano bila kunisalimia. Leo asubuhi amekuja. Alisimama mlangoni, amekonda, akasema, "Shemeji, mmetuweza. Tukiwasha moto, moshi unaonekana. Tusipowasha, nyama inaoza. Wenzangu wameondoka."

"Na wewe?"

"Mimi nina njaa."

Nikamkaribisha mkekani, nikamwekea ugali na perege wa Mama Salima. Alikula, kisha akakunja uso.

"Samaki wako ana chumvi nyingi mno, shemeji."

"Ni ile ya kaka yako," nikamwambia. "Si uliitaka?"

Akanitazama, Baba Anjela, nikadhani atasimama aondoke. Akacheka. Alicheka kicheko chako kabisa, kile cha puani, akavuta bakuli karibu na kumalizia hadi mifupa. Sasa yuko nje anapasua kuni ambazo sikumwomba apasue.

Lala salama upande wako wa mto. Huku kwetu kazi inaendelea.

Mkeo,
Mama Anjela