Ngozi ya Armoniumu ya Papa Samweli

Kengele yangu, dada wa sauti kubwa!

Uko muzima? Batoto bako bazima? Na Mama, muguu yake ilipona ao angali anaenda shamba na fimbo? Miye huku Walikale niko muzima, mvua inaninyeshea kila siku, shati hazikauke, lakini nguvu iko.

Barua yako shofere wa kamio ya maharagi aliniletea kazini, niliisoma nikiwa nimesimama. Papa Samweli amekufa. Kengele, nilisoma ile mustari mara tatu. Alafu nikacheka, usikasirike! Nilicheka juu nilimuona kabisa: anapanda mulima ya Ngungu, armoniumu, ile kinanda yake ya kukanyaga na miguu, imekunjwa sawa valizi, imefungwa mu mugongo na kamba, miguu peku, viatu mu mukono juu ya kuvaa tu pa mulango ya kanisa. Ndoa, kilio, ubatizo, nani alimuita akakosa kuya? Hata wakati wa matata, sisi wote tunakimbia na sufuria na mbuzi, yeye anakimbia na armoniumu, na Mama Eseri bibi yake anamulalamikia njia yote: «Na matela, Samweli? Leo tutalala juu ya nyimbo?»

Sasa sikiliza, juu nitapasuka nisipokuambia.

Unasema bazee ba kanisa banataka niye kutengeneza ngozi ya armoniumu mbele ya ile siku ya kumukumbuka, juu miye njo nafanya kazi ya pompe za kuvuta maji na najua kushona ngozi ya upepo. Nilikubali mbio mbio! Shefu amenipa ruhusa ya juma moja. Ngozi laini kabisa iko mu valizi yangu. Lakini kuna kitu hamujue, ninyi wote.

Kule kwetu, mwisho wa kila mustari tunasimama, sindiyo? Wewe unatupa ile «Eee Bwana!» yako, ba mama banaitika nyuma yako, alafu njo tunaendelea. Miye nilijua nyimbo ziliandikwa vile tangu mbinguni. Basi siku yangu ya kwanza mu kanisa ya kambi yetu ya kazi huku, banaimba wimbo ileile tunaimbaka kwetu ku Kibabi. Mwisho wa mustari nasimama, nafunga macho, napiga «Eee Bwana!» na nguvu yote. Kengele, nilikuwa peke yangu! Benzangu bameshafika katikati ya mustari ya pili! Mama mumoja akageuka: «Kaka, siafu imekuingia mu suruali?» Toka siku ile kambi yote inaniita Eee Bwana. Hata shefu: «Eee Bwana, leta kle ya kufungulia nati, ile ya kumi na ine!»

Nikakasirika. Nikaenda kwa mwalimu wa kambi, yeye iko na kitabu ya nyimbo yenye noti. Nikamuambia, «Mwalimu, bantu bako banaruka kipande.» Akafungua kitabu: «Nionyeshe pale kunasimamwa.» Nikatafuta, hakuna. Nikaazima ile kitabu, nikajifunza noti miye mwenyewe, kila saa ya kula, miezi miwili, juu tu ya kumushinda. Hakuna! Mu nyimbo yote hakuna!

Njo mu konje yangu ya mwisho, nilipopewa ruhusa ya kurudi nyumbani, nilienda kwa Papa Samweli kumuuliza, sikukuambia. Alikuwa anachambua maharagi na Mama Eseri. Nikaomba kufungua armoniumu, akaniachia. Kengele, ile ngozi ya ndani inayoshika upepo, panya ilishakula zamani! Tundu ya kupitisha ngumi! Imeshonwa juu ya kushonwa, kipande ya mbuzi, ulimbo, kitambaa ya shati. Pale pale nikaelewa. Alikuwa anasimama juu upepo imeisha! Anakanyaga pu, pu, pu, inajaa, alafu anaendelea. Na mulima muzima, balimaji, ba mama ba maziwa, batoto, sisi wote tukafikiri ni wimbo!

Nikaruka: «Papa, hii ni kazi ya siku mbili! Nitakuletea ngozi!»

«Kaa chini,» alisema.

«Lakini utapiga wimbo yote bila kusimama!»

«Unafikiri sijue pale upepo inatokea? Mwanzo nilikuwa nasikia haya. Nakanyaga, jasho inatoka, kanisa yote inaniangalia. Siku moja huyu,» akamuonyesha Mama Eseri na kidole, «akapaza Eee Bwana juu ya kunifunika.»

«Ulikuwa unatia huruma,» Mama Eseri akasema, hata hakuinua macho ku maharagi.

«Na bengine bakaitika,» Papa akaendelea. «Hangi, mu ile kanisa iko bantu habajue kuimba hata kidogo, sauti yabo sawa chura. Lakini pale banaitika. Nikifunga tundu, bataitikia wapi? Acha hivyo. Na usiambie mutu.»

Nikaacha. Nikafunga kinywa mwaka muzima, miye, unanijua! Sasa amekufa nakuambia wewe tu.

Na sasa ona mateso yangu. Wewe mwenyewe unaandika kama siku ya kumuzika armoniumu ililia sawa paka, alafu ikanyamaza mu mustari ya pili. Tundu inaongezeka. Nikiiacha, mbele ya mwaka kuisha armoniumu itanyamaza kabisa. Nikiifunga, Filipo mutoto wa Papa Samweli njo atapiga, na Filipo alisoma, anapiga sawa kitabu. Unaandika anasema baba yake aliteseka sana na ile armoniumu ya kuchoka, anataka kumuheshimu. Siku ya kwanza atasimama, namuamini. Pasaka atasimama kidogo. Nyuma ya pale, juu ya nini asimame, na upepo iko? Na Mama Eseri atakaa mu benchi yake na ile «Eee» mu koo.

Na nisikudanganye, Kengele, mikono inaniwasha! Tangu ile siku niliona tundu, nataka kuisikia ile armoniumu imejaa upepo, hata siku moja tu, sauti yake itoke mulangoni, ishuke mupaka ku muto! Miye njo naweza. Hakuna mwingine.

Nisalimie Mama, umuambie chumvi nitaleta. Nisalimie shemeji yangu mwenye ng'ombe, na shangazi wa Ngungu, na Mama Eseri umushike mikono yote mbili kwa ajili yangu. Filipo umusalimie, lakini usimuambie kitu.

Kamio itarudi kupanda kwetu Masisi siku ya ine ya juma, na miye ndani. Shofere huyu anayekuletea barua atakungojea pale nje mupaka umupe jibu, umupe na maziwa ya kunywa, asiwe na haraka. Wewe njo utasimama pale mbele, ba mama nyuma yako, mustari inaisha. Ngozi ikiwa mu mikono yako, dada, wewe ungefanya nini?

Ni miye mudogo wako,
Hangi