Kwaya Iliyofuata Mkono Wako

Papa,

Popote mkono wako ulipopata kutulia, nakuandikia nikiwa na hasira, na utanivumilia kwa sababu hasira hii nimeirithi kwako. Juzijuzi nilikataa ufadhili wa utafiti wetu. Mama alinuna siku kadhaa, akipika bila kunisemesha. Wenzangu wa maabara wananisalimia kwa sauti ya chini kana kwamba nimefiwa tena. Nataka ulisikie jambo hili kutoka kwangu mwenyewe.

Unakumbuka Jumamosi zetu za mazoezi ya kwaya, kanisani kwetu Kilibula, hapa Uvira? Mabenchi yalisukumwa ukutani, upepo wa ziwa ukiingia kwenye madirisha yasiyo na vioo, na wewe mbele yetu na koti lako la kahawia, hata siku za joto kali. Hukutaka mtu ashike karatasi. "Macho kwa mukono," ulikuwa unasema. "Mukono ikipanda, mupande. Mukono ikikata, mukate. Muntu asiniletee akili yake hapa!" Mimi wa sauti ya pili, niliyekuwa napotea kila ubeti, mkono huo uliniokoa kuliko nilivyostahili.

Halafu mkono huo ukaanza kucheza wenyewe. Kwanza kidole gumba, kisha kiganja chote. Ukawa unauficha mfukoni mwa koti na kutuongoza kwa mkono wa kushoto, ukidhani hatuoni. Kilibula yote iliona. Sokoni walisema umekuwa mlevi. Jirani akasema umetupiwa kitu na wachawi. Mwishowe wazee wa kanisa walikuita, na uliporudi ulikaa kitandani bila kuvua viatu. Nilikusikia ukimwambia mama, "Wamenusa kinywa yangu, Mama Neema. Vile muntu ananusa samaki ya jana."

Hawakukufukuza. Walikuwa waungwana kwa namna yao: utunge nyimbo nyumbani, uzifundishe, ila siku ya kuimba mbele ya watu mwingine aongoze. Walidhani utashukuru. Uliwajibu maneno machache tu. "Wimbo na mukono yangu viko pamoja. Mukitaka moja, mutabeba na ingine."

Ndipo likaja lile kusanyiko la kwaya kule Kamanyola. Kwaya zote za tambarare ya Ruzizi zilikuwepo, na wazee wetu waliketi mstari wa mbele wakiwa wameshaandaa kiongozi mwingine. Wanaume wa sauti ya nne wakafunga midomo. "Bila mukono ya mwalimu hatuimbe," wakasema, na wakakaa chini mbele ya wageni. Ikabidi usimame. Ulitoa mkono mfukoni polepole, ukauinua, tukaanza.

Tulipofika kwenye noti ya mwisho mkono ulitetemeka kuliko siku zote. Na sisi uliotufundisha tusilete akili zetu, tukaufuata. Kwaya nzima tuliitetemesha noti ile, sauti zote nne, kwa utii kabisa, mpaka ulipokata. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha vigelegele vikapigwa, na mwalimu wa kwaya ya Kamanyola akaja mbio kukushika bega. "Mwalimu, huu mutindo munautoa wapi? Iko ya Bujumbura?"

Kwenye lori la kurudi ulicheka hadi machozi, halafu machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha. "Minye niko mugonjwa," ulisema, "wao wanasema ni mutindo. Basi ikuwe mutindo."

Ilichukua muda mrefu hadi tukampata daktari wa kutupa jina la ugonjwa. Wakati huo mama alikuwa anakulisha kwa kijiko. Ulimuuliza kinachotokea ndani, naye akasema kwamba chembe fulani za ubongo zinakufa, na kwamba ni vigumu kuziona zikifa maana zimejificha mno. Tulipotoka nje uliniegemea. "Basi muntu aende aone," ulisema, ukaniangalia mimi, ambaye shuleni nilipenda kemia kuliko chochote. Hukutoa amri nyingine. Nilikwenda kusoma.

Hivi ndivyo ninavyofanya sasa. Unaujua utupa, ule mmea ambao watu wa kando ya Ruzizi walitwanga majani yake na kuyamwaga mtoni, samaki wakaelea matumbo juu. Sumu yake huumiza mapema chembe za fahamu zinazofanana na zile zilizokufa ndani yako. Sisi tunaipunguza makali, tunaifunga na kitu kinachong'aa, ili ikiingia ndani ya chembe itumulikie pale panapovunjika. Ni kurunzi, Papa, ila ni ya kemikali, na bado haiwaki vizuri. Umeme ukikatika tunakimbilia barafu kwa akina mama wauza samaki, ndiyo maana maabara yetu inanuka mukeke, samaki wa ziwa letu. Wageni hukunja pua. Kazi inaendelea.

Tuliomba wafadhili wa ng'ambo watusaidie kuikamilisha kurunzi hiyo. Walinihoji kupitia kompyuta, watu watatu, kwa Kifaransa laini. Wa kwanza aliuliza kwa nini Uvira. Wa pili akasema eneo letu lina kipindupindu, je, si afadhali tuanze na mambo ya lazima? Kipindupindu nakijua, kilimchukua shangazi. Lakini damu ilinipanda. Ni kama vile sisi tumeumbwa matumbo tu, na siku fahamu zilipogawanywa Uvira tulichelewa foleni. Nikawauliza, "Nani atawaonyesha ninyi kwamba wagonjwa hawa wapo kwetu, ikiwa wanapojitokeza wananuswa vinywa?" Nikatoa simu nikawapigia wimbo wetu, noti ya mwisho, nikawaeleza inakotoka.

Waliguswa, sitawanyima haki hiyo. Mmoja alivua miwani akaipangusa. Wakashauriana, wakarudi na habari njema yao. Watatoa pesa. Sisi tuvune majani ya utupa, tuyakaushe, tuwapelekee. Kemia yenyewe ifanyike kwao, penye mashine za kutosha, na jina langu litatajwa kwa shukrani.

Nilisema hapana. Niliwaambia majani na kichwa changu viko pamoja, wakitaka kimoja watabeba na kingine, na vyote viwili vinakaa Uvira. Tukaagana kwa adabu.

Mama aliposikia alipiga makofi kwa mshangao. "Weye Neema! Muntu anakunyooshea mukono, unaipiga? Papa yako angekubali!" Hilo ndilo lililonikosesha amani, na ndilo lililonifanya nikuandikie. Bila pesa ile, kemikali tulizo nazo zitatufikisha masika kwa shida, kisha mlango unaweza kufungwa, na wenzangu wana watoto. Ninaogopa, Papa. Sitajifanya shujaa kwako. Naogopa na bado sijutii.

Mama amesahau Kamanyola, au anataka kusahau. Mimi nilikuwa sauti ya pili, nilisimama karibu nawe, niliuona mkono ukitoka mfukoni.

Jumapili nilikwenda kanisani nikakaa nyuma kabisa. Wazee walewale, mabenchi yaleyale. Kwaya ni ya vijana ambao wengi wao hawakukufahamu, na wana kiongozi mpya, kijana mwenye mkono uliotulia kama nguzo. Waliimba wimbo wako. Kwenye noti ya mwisho aliinua mkono, ukasimama pale juu bila kutikisika hata kidole. Na kwaya nzima ikatetemeka.

Mama, aliyeketi mbele, aligeuka kunitafuta kwa macho. Jioni alinipakulia ugali na kuniuliza, bila kunitazama, ombi lingine linatumwa wapi.

Nitaliandika kesho. Na pale wanapouliza kwa nini Uvira, najua nitaanza na nini.

Pumzika, mwalimu. Mkono wako haujakata bado, kwa hiyo na sisi hatukati.

Ni minye, mutoto yako wa sauti ya pili