Usije Kumchukua Jabiri

Kwamsisi, Jumanne

Mama yangu wa Magoma, shikamoo. Huku mvua imenyesha, na yule kuku uliyenipa kaangua tisa.

Mama, ulisema Jabiri asipozoea shule utakuja Ijumaa kumrudisha kwako. Kweli siku tatu za kwanza alilia na kuongea Kishambaa kitupu, mpaka Mwalimu Janeth akawa anamtoa dada yake Fatu darasa la tatu aje kukaa naye. Jana Fatu kaja mwenyewe kuchungulia dirishani. Jabiri alipomwona akapiga kelele, "Wee Fatu, nenda kwenu! Hapa darasa la awali hawakai wakubwa!" Darasa zima likacheka. Fatu ndiye aliyerudi nyumbani analia, eti kafukuzwa na mtoto ambaye yeye ndiye aliyemfunga viatu asubuhi.

Mama, nilikuachia Jabiri hajaanza hata kutembea, kwa vile nilikuwa mgonjwa. Umemlea vizuri mno. Lakini sasa nimepona, na jana kaniita mama bila kuambiwa na mtu.

Ijumaa njoo tu, nitakusongea bada, ugali wetu wa muhogo. Ila siku ya kuondoka, uondoke peke yako. Usinikasirikie.

Mwanao,
Maryamu