Barafu Iliyeyuka Nikila Kuku Mgori

Singida mjini

Dada Rehema, shikamoo. Mdogo wako ni mzima, ila jana roho ilikuwa mkononi.

Tulichukua damu ya watoto wenye malaria kule Mgori, ili maabara ipime protini ambayo mwili hutumia kuita askari wake ugonjwa unapoingia. Mimi karani nikakabidhiwa sanduku la barafu. Nikiwa naondoka, mama wa wawili kati yao akaniandalia ugali wa uwele na kuku.

"Barafu inayeyuka, mama."

"Na kuku wangu anapoa. Kaa! Na msirudi tena kuwachoma wanangu."

Nikala huku jasho linanitoka. Damu ikipata joto protini huharibika, na ambaye angetumwa kuomba damu upya ni mimi.

Leo mtaalamu wa maabara amedondosha dawa ya mwisho kwenye sahani yenye vishimo vidogo. Vishimo vya maji matupu vikabaki bila rangi. Vyenye damu ya watoto vikaanza kugeuka manjano kama alizeti, ishara kwamba protini ipo, kimoja baada ya kingine!

"Karani, damu uliyoleta ni nzima. Sasa mbona unalia?"

Dada, nilikuwa nacheka pia. Hakuna mtoto atakayechomwa tena.

Wakumbatie wanao, uwaambie mjomba wao ana furaha isiyoenea kwenye kadi hii.

Idi