Sungura wa Kunde za Apolinaria

Jumatatu, 7 Januari 1952
Daftari langu, pokea salamu zenye heshima. Niwie radhi kwa ukimya wa siku kumi na tisa. Haikuwa dharau, ilikuwa palizi. Mimi ni mzima, ila magoti yananung'unika.

Baada ya salamu, shida ni hii: sungura wa porini wameingia bustanini. Mashina ya kunde yalikuwa arobaini. Asubuhi hii nimehesabu thelathini na moja, na mengine yamenyolewa ncha.

Si kunde za kawaida. Ni mbegu ya mama mkwe, nyeupe yenye jicho jekundu. Marehemu mke wangu Apolinaria aliniachia kiganja kimoja tu, akasema, "Zisiishie mikononi mwako, Wenceslaus." Nimezipanda zote. Za mdogo wake, Getruda, ziliharibiwa na wadudu zamani. Hapa Ntalikwa hakuna mwingine mwenye nazo. Nisipovuna, basi.

Jumanne, 8 Januari
Nimemwaga majivu kuzunguka bustani, nikatundika makopo matupu kwenye kamba. Upepo ulipovuma yalilia vizuri sana. Sungura mmoja alikuja kusikiliza.

Jioni shemeji Getruda, naye mjane, jirani yangu ng'ambo ya njia, aliniletea chakula kama kila siku tangu nifiwe: ugali, na bakuli la majani ya kunde yaliyoungwa kwa karanga. Nikamwambia, kama adabu inavyotaka, kuwa sijala mboga tamu hivi tangu dada yake afariki. (Na ni kweli.)

"Basi kesho nitaongeza, mume wangu."

Ndivyo anavyonitania, hata mbele ya Padre. Sijazoea.

Alhamisi, 10 Januari
Nimesimamisha sanamu ya mtu, nikaivika joho langu la zamani la kwaya na kofia. Omari, fundi cherehani wa Mtendeni, alipita na baiskeli, akaiamkia shikamoo mara mbili. Macho yake hayamsaidii sana. Kisha akaja mlangoni kulalamika kwamba siku hizi nina kiburi. Nimemwomba radhi kwa niaba ya sanamu.

Adhuhuri sungura alikuwa amelala kivulini mwa joho.

Mashina ishirini na sita. Bakuli la leo lilijaa mpaka kawa halikukaa sawa. Nikasifu tena.

Jumamosi, 12 Januari
Luhende mtegaji amekuja kuweka tanzi. Kwanza akachuchumaa, akachunguza shina moja baada ya jingine, kama daktari.

"Mzee, sungura wapo. Ona hapa, shina limekatwa mshazari kwa meno. Lakini safu ya katikati? Majani yamechumwa moja moja kwa vidole, tena machanga tu." Akanitazama. "Sungura huyu anavaa kanga."

Akacheka mpaka akakaa chini. Nikamweleza kwa upole kuwa majirani zangu si wezi. Akasema yeye hakutaja mwizi, ametaja sungura.

Jumapili, 13 Januari
Nimetoka misani mapema, nikapita njia ya juu. Getruda alikuwa safu ya katikati, na ungo, anaimba taratibu. Nilijificha nyuma ya sanamu. Mimi, mtu wa miaka sitini na minane.

Sungura akatokea. Getruda akamtupia bonge la udongo. "Toka we! Umekula vya kutosha, mwachie shemeji yangu." Kisha akaigeukia sanamu: "Na wewe, unatazama nini?"

Nilikaribia kujibu.

Kwa hiyo mboga ni yangu. Kila nilipoisifu, akaongeza. Kila alipoongeza, nikasifu. Sungura wamekula kwa meno, mimi nimekula kwa adabu. Naye hajui ni mbegu ya mama yake mzazi. Anadhani ni kunde za sokoni.

Jumatatu, 14 Januari
Nitamwambiaje? Mwanamke amenilisha miezi minane, leo nimwite mharibifu? Jioni nikajaribu kwa mbali: nikasema sina njaa sana. Akanigusa paji la uso, akaenda, akarudi na bakuli la pili. Humo ndani nimeona maua mawili. Ua likiliwa, hakuna mbegu.

Mashina kumi na manne.

Jumanne, 15 Januari
Nilikuwa karani wa posta miaka ishirini na sita. Jambo zito huandikwa. Nimeandika barua ya kurasa tatu. Salamu peke yake ukurasa mmoja na nusu, kwa sababu ya uzito wa yanayofuata. Nimeeleza habari za mbegu, nikaomba radhi mara saba.

Mtu hapeleki barua yake mwenyewe, si utaratibu. Nimemkabidhi Omari. Toka mlango wangu hadi wa Getruda ni hatua themanini. Amekwenda kwa baiskeli.

Jumatano, 16 Januari
Omari asema imefika salama, mkononi mwa Getruda mwenyewe. Nilishukuru sana. Nilikuwa nikinywa chai, kikombe cha pili, ndipo nikakumbuka.

Getruda hajui kusoma. Barua zote za mwanawe aliyeko Urambo nimemsomea mimi, huu mwaka wa sita.

Alivuka njia saa kumi, kanga mpya, bakuli mkono huu, barua mkono ule. Akaketi, akajitandaza.

"Shemeji, nimeandikiwa. Tena ndefu. Omari amekataa kusema imetoka kwa nani, anacheka tu. Soma polepole, nataka kila neno."

Nimesoma salamu. Nimezisoma tena. Nimemsalimia na kuku wake, ambao barua haikuwataja. Sasa niko chumbani kwa kisingizio cha kutafuta miwani. Bakuli liko mezani. Sijathubutu kufunua kawa.

Anaita kutoka sebuleni. Salamu zimetosha, asema, sasa huyo mtu anataka nini?

Nimemjibu kuwa bado natafuta miwani.

"Umeivaa, mume wangu. Njoo."