Sahani Yangu ya Peke Yangu

Siku ya posho, 6 septemba
Mizani kwanza, chai nyuma. Njo vile Nadège anataka. Nimepanda bila viatu, bila kilemba. Ameinama, amesoma, amecheka. Nimeshuka tena! Nimepiga kigelegele mpaka jirani akauliza nani anaolewa.
Niandike vizuri. Nadège njo mutoto yangu wa kwanza. Munganga wa hospitali. Mu avenue yetu yote hakuna mwingine, hata ku wale wenye nyumba kubwa ya etaji. Sasa anasoma tena ku Lubumbashi, anarudi kila mwisho wa juma kutupima. Anasoma juu ya mwili: sababu gani bamama banene banapunguza chakula na kilo zinakataa kutoka. Alitafuta bamama ba kupima. Nilimupatia bamama ba kwaya. Na minye mwenyewe, mbele yao bote. Nani mwingine?

Siku ya pili, 9 septemba
Kula peke yangu kunanichosha kupita njaa. Bwana yangu anarudi kutoka machimbo ya Kakontwe na vumbi ya chokaa mu nyusi, ananawa, anakaa na batoto kuzunguka bukari moja ya unga ya muhindi, mboga moja ya sombe. Minye niko pembeni na sahani yangu, kila kitu imepita ku mizani ya jikoni, vile Nadège aliamuru. Kama mugonjwa wa kifua.
Godelive, dada ya bwana yangu, aliingia, akaona. "Mama Nadège, mulipigana? Ao unaogopa tukutilie sumu?" Nikamwambia ni siyansi. Nikamwambia tena, pole pole, ili asikie vizuri: mutoto yangu njo anaongoza. Akakaa na batoto. Alikula vizuri, yeye.

Siku ya posho, 20 septemba
Kilo imesimama. Juma iliyopita pia. Nadège anasema tungoje.
Sikungoja. Nimeacha taksi-basi. Kutoka soko mpaka nyumbani kwa miguu, beseni ku kichwa. Magoti inalia.

Siku ya ine, 2 oktoba
Baridi. Jua ya oktoba inapasua udongo, bantu banalala inje, na minye nimevaa pulovere ya bwana yangu. Batoto banacheka: "Mama eko ku Ulaya!" Nimecheka pamoja nao. Hata kuinua mikono kufunga kilemba ni kazi.

Siku ya posho, 4 oktoba
Sitaki kuandika hii. Naandika.
Kilo haikutoka. Nadège aliandika namba, halafu:
"Mama, uniambie ukweli. Unakula wapi?"
"Ku sahani ulinipatia."
"Mama. Hesabu haidanganyi."
Akaingia jikoni. Akafunua nyungu zangu, moja moja. Mutoto niliyemulisha mu ile jikoni! Akasema kama njo vile, atanitoa mu kazi yake, sababu muntu moja ambaye hasemi yote anaharibia bote. Hakuniita mwongo. Alisema "ambaye hasemi yote". Ni ile ile.
Nilimusifu mbele ya soko nzima. Yeye ananiona mwizi wa bukari.

Siku ya pili, 7 oktoba
Nimekata chakula nusu. Aone.
Ku soko kichwa ilizunguka, nikaanguka juu ya tomate ya jirani yangu wa soko, Mama Chantal. Bamama ba soko banasema niko na ugonjwa, namufichia bwana yangu. Mama moja wa kwaya ameacha kupimwa: "Kama siyansi njo inafanya vile, minye nabaki na mafuta yangu." Nilitaka kumujibu, nimusifu Nadège kidogo. Sikuwa na nguvu. Ni mara ya kwanza mu maisha yangu.

Siku ya posho, 11 oktoba
Nadège alikuja na mashini ya profesa yake. Anapima bamama bote wenye kilo imesimama. Unalala chali mbele ya kunywa chai, kifuniko ya plastiki ku kichwa, unapumua tu. Mashini inapima hewa, inajua mwili inachoma chakula kiasi gani. Nilipumua kwa hasira.
Alisoma. Akapima tena. Halafu akashika mukono yangu, akaangalia pulovere.
"Uko na baridi tangu lini?"
"Tangu wakati ulikuwa unafunua nyungu. Hata kabla yake."
Akakaa chini ku simenti, na nguo yake ya Lubumbashi. Akanieleza. Chakula ikipunguka, mwili inaogopa njaa. Inafanya kama mama aliyebakia na makala kidogo: anafunga kamulango ka hewa ka jiko yake ya mbabula, moto inakuwa kadogo, makala inadumu. Joto inapunguka, nguvu inapunguka, kilo inabaki. Alisoma ile yote mu vitabu. Lakini mu hesabu yake alichukua mwili yangu kama inachoma bado sawa na siku ya kwanza.
"Ulisema ukweli, Mama. Minye njo nilikosa. Unisamehe."
Nilisema sawa. Kinywa njo ilisema. Nyungu zangu zilikuwa zingali wazi mu kichwa yangu.
Ameniamuru niongeze chakula, sababu ya kizunguzungu. Nabaki mu kazi yake. Atasema na bamama ba kwaya pia.

Siku ya Mungu, 12 oktoba
Tumetoka misa. Nadège hakurudi Lubumbashi. Amesonga bukari mwenyewe, imetoka na mabonge, sikusema kitu.
Nilichukua sahani yangu na mizani. Aliviondoa mu mikono yangu, akaviweka juu ya kabati. "Kesho, Mama. Leo hapana."
Bwana yangu alisogea, nikakaa ku bukari ya bote. Nadège alininawisha mikono, akakaa karibu na minye. Akasukuma samaki ya kapenta upande yangu, vile nilimufanyia akiwa mudogo.
Baridi iko bado. Nilikula na pulovere.
Hakuangalia mukono yangu ilirudi mara ngapi ku bukari.